Nani Yuko Darasa Gani Leo? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kanzidata ya Shule

Mwalimu wa taaluma anataka orodha ya Darasa la Tano B. Mhasibu anataka kujua wanaodaiwa ada wako mikondo gani. Mwalimu mkuu ameulizwa na afisa elimu kata idadi ya wavulana na wasichana kwa kila darasa. Wote watatu wanauliza jambo moja, na kanzidata ya shule inapaswa kuwajibu sawa. Mara nyingi haiwajibu sawa, na chanzo huwa kilekile.

Majibu yaliyo hapa chini ni kwa wanaoandika wenyewe hoja za SQL (lugha ya kuiuliza kanzidata), hata kama walijifunzia kazini. Mifano yote inatumia majedwali matatu:

```
wanafunzi (namba, jina, jinsi, tarehe_kuzaliwa)
madarasa  (id, ngazi, mkondo, mwaka)
usajili   (id, mwanafunzi, darasa, tarehe_kuanza,
           tarehe_mwisho, sababu_kutoka)
```

## Misingi

1. Darasa la sasa la mwanafunzi linakaa wapi ndani ya kanzidata?

Linakaa kwenye jedwali la usajili. Kila mstari wa usajili unasema neno moja tu: mtoto huyu alikuwa darasa hili kuanzia siku hii hadi siku ile. Aliyesoma shuleni kwako tangu la Kwanza hadi la Tano bila kubadilisha mkondo ana mistari mitano. Darasa lake la sasa ni lile la mstari ambao tarehe ya leo inaangukia ndani yake.

Katika mifano yetu, `tarehe_mwisho` ni siku ya mwisho ambayo mtoto bado anahesabiwa darasani humo; ikiachwa wazi (NULL), usajili bado unaendelea. Shule nyingine huandika siku ya kwanza ambayo hayumo tena. Njia zote mbili zinafaa, ila chagueni moja na muiandike mahali ambapo atakayewarithi ataiona.

2. Kwa nini nisiongeze tu safu ya "darasa" kwenye jedwali la wanafunzi? Si ingekuwa rahisi?

Ingekuwa rahisi hadi Januari inayofuata. Siku unapobadilisha "la Nne" kuwa "la Tano", ule ukweli kwamba mtoto alikuwa la Nne umefutika. Mzazi akija Machi kuomba nakala ya ripoti ya mwaka jana, mfumo utaichapa ukiwa na jina la darasa jipya juu ya alama za darasa la zamani.

Niliwahi kuisaidia shule moja iliyokuwa na safu ya namna hiyo. Matokeo ya upimaji wa kitaifa wa Darasa la Nne yalikuwemo, lakini watoto wenyewe walishaandikwa la Sita, na hakuna aliyeweza kusema nani alisoma mkondo A na nani mkondo B. Tulikaa siku tatu tukizipekua rejista za karatasi, na nyingine zilikuwa zimeliwa na mchwa. Tangu hapo sikubali safu hiyo hata nikiombwa kwa upole.

3. Hoja ya kuanzia ni ipi?

Hii hapa. Sehemu kubwa ya ukurasa huu inarudi kwake:

```
SELECT w.namba, w.jina, d.ngazi, d.mkondo
FROM wanafunzi w
JOIN usajili u  ON u.mwanafunzi = w.namba
JOIN madarasa d ON d.id = u.darasa
WHERE u.tarehe_kuanza <= CURRENT_DATE
  AND (u.tarehe_mwisho >= CURRENT_DATE
       OR u.tarehe_mwisho IS NULL)
ORDER BY d.ngazi, d.mkondo, w.jina;
```

Inafanya kazi kwenye MySQL, PostgreSQL na SQLite. Kwenye SQL Server, badala ya `CURRENT_DATE` andika `CAST(GETDATE() AS date)`. Kwenye Access, andika `Date()`, na kila `JOIN` iwe `INNER JOIN` yenye mabano yake.

Usiondoe yale mabano yanayozunguka `OR`. SQL hushughulikia `AND` kabla ya `OR`, kwa hiyo bila mabano hoja itamchukua kila ambaye `tarehe_mwisho` yake iko wazi, hata kama usajili wake unaanza mwezi ujao.

4. Nimeandika `tarehe_mwisho = NULL` na sipati hata mwanafunzi mmoja. Kwa nini?

NULL maana yake "haijulikani". Ukiuliza kama kisichojulikana ni sawa na kisichojulikana, jibu si ndiyo wala hapana, na SQL hutupa mstari wowote usio na ndiyo. Andika `IS NULL`.

Hapo hapo, tazama kama waliojaza data waliacha safu hiyo tupu kweli. Nimekuta `0000-00-00` kwenye MySQL za zamani, na maandishi matupu kwenye data iliyopakiwa kutoka Excel. Yasafishe kwanza, kisha ndipo uhangaike na hoja.

## Majibu yanapokuja na kasoro

5. Mwanafunzi mmoja anatokea mara mbili kwenye orodha. Nitumie `DISTINCT`?

Hapana. `DISTINCT` huondoa mistari inayofanana kila safu. Mtoto aliye la Tano A na la Tano B kwa wakati mmoja ana mistari miwili tofauti, na yote itabaki. Na hata pale ambapo `DISTINCT` inafanikiwa kuficha nakala, kosa lenyewe bado limo ndani, litakwenda kujitokeza kwenye hesabu ya ada.

Mara nyingi mtu alimhamisha mtoto mkondo akaongeza mstari mpya bila kuufunga wa zamani. Hoja hii inawatafuta wote wenye usajili unaoingiliana kwa tarehe (`COALESCE` inaweka tarehe ya mbali pale `tarehe_mwisho` ilipo wazi):

```
SELECT a.mwanafunzi, a.id, b.id
FROM usajili a
JOIN usajili b ON a.mwanafunzi = b.mwanafunzi
              AND a.id < b.id
WHERE a.tarehe_kuanza <= COALESCE(b.tarehe_mwisho, '9999-12-31')
  AND b.tarehe_kuanza <= COALESCE(a.tarehe_mwisho, '9999-12-31');
```

Iendeshe mara moja kwa wiki katika miezi ya Januari na Julai. Ikirudi tupu, lala usingizi. Jinsi ya kuzuia kosa hili lisiingie kabisa iko kwenye swali la 15.

6. Nimetumia `MAX(tarehe_kuanza)` na `GROUP BY`. Tarehe ni sahihi, lakini darasa si lake. Imekuwaje?

Hili ndilo kosa ninaloliona kuliko yote, na linauma kwa sababu majibu yake yanaonekana mazuri. Hoja huwa hivi:

```
SELECT mwanafunzi, darasa, MAX(tarehe_kuanza)
FROM usajili
GROUP BY mwanafunzi;
```

Umeiambia kanzidata ikusanye mistari yote ya mtoto iwe fungu moja, kisha itoe tarehe kubwa kuliko zote. Hukuiambia darasa litoke kwenye mstari upi. Wewe unadhani litatoka kwenye mstari wenye tarehe hiyo, lakini hakuna neno lolote kwenye hoja linalosema hivyo.

Kila programu ina tabia yake hapa. PostgreSQL inakataa hoja hiyo moja kwa moja. MySQL tangu toleo la 5.7 inaikataa pia, isipokuwa mtu awe amezima kanuni ya `ONLY_FULL_GROUP_BY`. Matoleo ya nyuma huchukua darasa la mstari wowote, na mara nyingi huwa la kwanza kuingizwa, ndiyo maana mtoto wa la Sita anasomeka la Kwanza. SQLite ina upendeleo wake: ukitumia `MAX`, inakupa darasa la mstari ule ule uliotoa tarehe hiyo. Hoja iliyofanya kazi vizuri kwenye kompyuta yako yenye SQLite inaweza kuharibika siku unapoihamishia MySQL ya zamani, bila ujumbe wowote wa kosa.

Ukikataliwa na MySQL, usiende kuzima kanuni hiyo. Inakulinda. Andika hoja upya kama kwenye swali la 7.

7. Basi njia sahihi ya kupata usajili wa karibuni zaidi ni ipi?

Panga mistari ya kila mtoto kuanzia mpya hadi wa zamani, ipe namba, kisha chukua namba moja:

```
SELECT mwanafunzi, darasa, tarehe_kuanza
FROM (
  SELECT u.*,
         ROW_NUMBER() OVER (
           PARTITION BY u.mwanafunzi
           ORDER BY u.tarehe_kuanza DESC, u.id DESC
         ) AS nafasi
  FROM usajili u
  WHERE u.tarehe_kuanza <= CURRENT_DATE
) x
WHERE nafasi = 1;
```

`PARTITION BY` inatenga mistari ya kila mtoto peke yake. Ile `u.id DESC` inaamua pale mistari miwili ilipoanza siku moja. Usipoiweka, leo utapata jibu hili na kesho lile. Sharti la `WHERE` la ndani linazuia usajili wa mwakani ulioingizwa mapema.

Kwa njia hii unahitaji MySQL 8.0 au SQLite 3.25 kwenda mbele. PostgreSQL imeweza tangu 8.4. Kwenye programu za zamani, tumia `NOT EXISTS`: chukua mstari ambao hakuna mstari mwingine wa mtoto huyo ulioanza baada yake, na ambao umeshaanza.

Angalia tofauti na swali la 3. Ile inajibu "yuko darasa gani leo", na aliyehama shule hatokei. Hii inajibu "mara ya mwisho alikuwa darasa gani", na aliyehama mwaka 2022 atatokea na darasa lake la mwaka huo. Kwa barua za uhamisho na kumbukumbu za wahitimu tumia hii. Kwa orodha ya darasani tumia ile.

8. Nataka wanafunzi wote, hata wasio na darasa, lakini wasio na darasa hawaonekani.

Tumia `LEFT JOIN`, na masharti ya tarehe yaweke kwenye `ON`:

```
SELECT w.namba, w.jina, u.darasa
FROM wanafunzi w
LEFT JOIN usajili u
  ON u.mwanafunzi = w.namba
 AND u.tarehe_kuanza <= CURRENT_DATE
 AND (u.tarehe_mwisho >= CURRENT_DATE
      OR u.tarehe_mwisho IS NULL);
```

Ukiyaacha masharti kwenye `WHERE`, mtoto asiye na usajili ana NULL kwenye `tarehe_kuanza`, sharti linamkataa, na `LEFT JOIN` yako inakuwa kazi bure. Ukitaka kuona wasio na darasa peke yao, ongeza mwishoni `WHERE u.id IS NULL`. Orodha hiyo ifikishe kwa mwalimu wa taaluma. Humo wamo waliohama, wahitimu na waliofariki, lakini humo pia yumo mtoto anayekuja shule kila siku na jina lake halisomwi asubuhi.

9. Idadi ya mfumo haifanani na ya rejista za walimu. Nani yuko sahihi?

Anza kwa kumwamini mwalimu wa darasa. Anawaona watoto kwa macho. Kisha linganisha majina, usilinganishe jumla tu, kwa sababu aliyezidi mmoja na aliyepungua mmoja hufutana. Tofauti nyingi hutokana na mambo matatu: `COUNT(*)` iliyohesabu mistari badala ya watoto (tumia `COUNT(DISTINCT u.mwanafunzi)` wakati unachunguza), waliohama ambao usajili wao haukufungwa, na wageni waliopokelewa ambao karatasi zao bado zipo mezani.

## Mwaka, mihula na kupanda darasa

10. Wakati wa likizo ya Desemba mfumo unasema hakuna mwanafunzi hata mmoja. Tumefanya nini?

Mlifunga usajili siku ya kufunga shule. Kuanzia kesho yake hadi Januari, leo haiangukii ndani ya mstari wowote. Fungeni usajili wa mwaka tarehe 31 Desemba, hata kama watoto wameshakwenda nyumbani.

11. Kwa nini nisichuje kwa `mwaka = 2025` tu na kuachana na tarehe?

Kwa shule ya msingi ya Tanzania, ambako mwaka wa masomo unaanza Januari na kuisha Desemba, itakwenda, ila waliohama katikati watabaki kwenye orodha. Shule yenye Kidato cha Tano na cha Sita hapo ndipo inapoumia. Kidato cha Tano huanza Julai, kwa hiyo mwaka wake mmoja unakanyaga miaka miwili ya kalenda. Mwanafunzi wa tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) aliyeingia Julai 2025 bado yuko Kidato cha Tano Machi 2026, na mchujo wa `mwaka = 2026` haumwoni. Tarehe hazina shida hiyo.

12. Nitajuaje mtoto alikuwa darasa gani tarehe fulani iliyopita?

Chukua hoja ya swali la 3, badilisha `CURRENT_DATE` zote mbili ziwe tarehe unayotaka, kwa mfano `'2024-03-15'`. Imekwisha. Ukiweza kufanya hivi, ujue jedwali lako la usajili limekaa sawa.

13. Mwisho wa mwaka naweza kuwapandisha wote kwa ngazi + 1?

Usifanye hivyo. Wapo wanaokariri darasa, na mtoto anayekariri anahitaji mstari mpya wa usajili wenye ngazi ileile na mwaka mpya. Ukirefusha mstari wake wa zamani, alama za miaka miwili zitachanganyika.

Kubwa zaidi, ngazi zenyewe hubadilika kwa sera. Sera ya elimu ya Tanzania, toleo la 2023, imeweka elimu ya msingi kuwa miaka sita, na waliokuwa la Tatu mwaka 2024 ndio wanaotarajiwa kumaliza la Sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao waliowatangulia watamaliza la Saba. Mfumo ulioandikwa "akimaliza la 6 nenda la 7" utawasajili watoto hao kwenye darasa lisilokuwapo. Kenya nao wamo katika hali kama hiyo: KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ulifanyika kwa mara ya mwisho 2023, na tangu Januari 2026 shule za sekondari zina Gredi ya 10 pamoja na Kidato cha Tatu na cha Nne waliobaki kwenye mfumo wa zamani wa 8-4-4.

Tengeneza jedwali dogo la `hatua` linalosema kutoka ngazi hii, kwa kundi lililoanza mwaka huu, mtoto anakwenda ngazi ipi. Sera ikibadilika utarekebisha mistari miwili mitatu ya jedwali hilo, programu utaiacha ilivyo.

## Mambo yanayotokea mara chache

14. Mtoto amehamishwa kutoka mkondo A kwenda B katikati ya muhula. Alama zake zifuate wapi?

Ziunganishe alama na mwanafunzi na tarehe ya mtihani, kisha tafuta darasa kwa tarehe hiyo kama kwenye swali la 12. Jaribio la Februari litahesabiwa A na mtihani wa Juni utahesabiwa B. Wastani wa darasa wa mwalimu wa A hautabadilika nyuma yake kwa sababu ya mtoto aliyeondoka.

Kuhamisha kwenyewe ni hatua mbili: kufunga mstari wa zamani jana, kufungua mpya leo. Zifanye ndani ya muamala mmoja, kati ya `BEGIN` na `COMMIT`, ili umeme ukikatika katikati mtoto asibaki bila darasa.

15. Naweza kuizuia kanzidata isikubali usajili mbili zilizo wazi kwa mtoto mmoja?

Ndiyo, kwenye PostgreSQL na SQLite:

```
CREATE UNIQUE INDEX usajili_mmoja_wazi
ON usajili (mwanafunzi)
WHERE tarehe_mwisho IS NULL;
```

MySQL haina faharasa yenye sharti namna hii. Huko tengeneza safu inayojihesabu (generated column), yenye namba ya mwanafunzi pale `tarehe_mwisho` ilipo wazi na NULL pale ilipofungwa, kisha iwekee `UNIQUE`. Faharasa hii haizuii mwingiliano wa tarehe zilizokwisha kufungwa, kwa hiyo ukaguzi wa swali la 5 unabaki.

16. Orodha ya madarasa inapangwa Kwanza, Nne, Pili, Saba, Sita, Tano, Tatu. Naipangaje?

Umehifadhi ngazi kwa maneno, na kanzidata inapanga kwa alfabeti. Hifadhi `ngazi` kama namba, 1 hadi 7, na jina la kuonyesha liweke kwenye safu yake.

17. Data ya ada ina majina tu, haina namba. Niunganishe kwa jina?

Utaumia. Mtoto yuleyule ni Athumani kwa mhasibu na Athuman kwenye rejista, na shule moja inaweza kuwa na wasichana watatu wenye majina yote matatu sawa. Tafuta namba inayomfuata mtoto: Tanzania, namba ya PReM ya Baraza la Mitihani huenda naye anapohama shule, Kenya wanayo UPI, namba ya pekee ya kila mwanafunzi. Kama huna budi kuanza na jina, liunganishe na tarehe ya kuzaliwa na upitie kila jozi kwa macho ukiwa na mhasibu kando yako. Jina la mzazi likiwemo, litumie pia.

18. Mzazi, au mtu anayejiita mzazi, anaomba orodha ya darasa zima. Nimpe?

Usimpe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya mwaka 2019, na zote zinaangalia taarifa za watoto kwa uzito wa pekee. Mzazi ana haki ya taarifa za mwanawe, na hapo pia shule ihakikishe kwanza kwamba ndiye mzazi au mlezi.

Ndani ya shule, wagawie watu mionekano (hoja zilizohifadhiwa zinazoonyesha safu chache tu) badala ya majedwali. Mwalimu wa darasa apate `CREATE VIEW` yenye jina, namba na darasa la leo la watoto wake. Tarehe za kuzaliwa, simu za wazazi na sababu za kutoka shule zibaki kwa wenye kazi nazo. Safu ya `sababu_kutoka` hasa iangaliwe kwa macho mawili: humo huandikwa ujauzito, ugonjwa na misiba ya nyumbani. Orodha iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi ikiwa na safu hiyo haiwezi kurudishwa.